Shule Zinamtunuku Aliyekuwa Meya: Wasifu Wake Uandikwe Vipi?

Swali: «Mimi ni mwalimu mstaafu. Shule ya msingi na ya sekondari za mji wetu zimeamua kumtunuku mwanafunzi wao wa zamani aliyekuwa meya wa jiji lililo mbali na kwetu. Maktaba ya sekondari itapewa jina lake, na wasifu wake utawekwa kwenye kibao ukutani. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuuandika. Rafiki zake wanasema alijenga soko, akaweka lami mitaani, akajenga madarasa. Mtumishi mmoja wa halmashauri ile aliniambia meya hajengi kitu, kila kitu ni cha mkurugenzi. Wengine wanasema alikuwa meya wa kwanza wa jiji, wengine wanakataa. Familia nayo inataka shule nzima ibadilishwe jina. Sitaki kuandika uongo ambao watoto watausoma kwa miaka hamsini, wala sitaki kumvunjia mtu heshima. Nianzie wapi?»

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Kibao cha shuleni kina uzito ambao hotuba ya harusini haina, kwa sababu mtoto akikisoma anakichukulia kama kitabu cha kiada. Kwa hiyo hofu yako ni ya haki. Na hao wanaokuchanganya, rafiki zake na yule mtumishi, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ukielewa kazi ya umeya inavyokwenda, vipande vitakaa pamoja.

Tuanze na namna mtu anavyokuwa meya Tanzania Bara. Wananchi hawampigii meya kura. Wanamchagua diwani wa kata yao, kisha madiwani wakikutana wanamchagua mmoja wao kuwa Meya, kama ni Manispaa au Jiji. Katika Halmashauri ya Mji au ya Wilaya anaitwa Mwenyekiti. Siku hizi meya anakaa miaka mitano, naibu wake anachaguliwa kila mwaka. Madiwani hao hao wanaweza kumwondoa kwa theluthi mbili ya kura. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa wasifu wako usianze na umeya, uanze na udiwani: diwani wa kata gani, kuanzia mwaka gani, alishika kamati gani kabla ya kuvaa joho. Watu wengi huuruka udiwani, na hapo ndipo mtu alipojifunzia kazi.

Mkurugenzi, kwa upande wake, anateuliwa na Rais. Ndiye afisa masuuli: anasaini mikataba, anaidhinisha malipo, anawasimamia watumishi, na kwenye Baraza la Madiwani anakaa kama katibu. Meya anaongoza Baraza, anaongoza Kamati ya Fedha na Uongozi, na ndiye sauti ya halmashauri mbele ya wageni na Serikali Kuu. Hawezi kumwandikia mkandarasi hundi. Yule mtumishi alikuwa sahihi mpaka hapo.

Alikosea aliposema meya hana lake. Fuata safari ya mradi mmoja. Hoja inaibuliwa mtaani, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wa halmashauri wanaipima, inaingia kwenye kamati ya kudumu inayohusika, kisha Kamati ya Fedha. Hapo meya anakalia kiti, na hapo miradi mingi inafia au inapona, kwa sababu fedha za mapato ya ndani ni chache na kila diwani anaivutia kata yake. Kipi kitangulie, kipi kisubiri, nani abembelezwe akubali soko lijengwe kata ya mwenzake: hiyo ndiyo kazi ya meya. Haionekani kwenye jiwe la msingi, lakini bila hiyo jiwe lenyewe halipo.

Duniani hakuna mfano unaoonyesha hili waziwazi kuliko wa Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, Marekani. Yeye alichaguliwa moja kwa moja na wapiga kura mwaka 1983. Lakini baraza la jiji lilikuwa na wajumbe 50, na 29 kati yao walijipanga dhidi yake. Kwa miaka mitatu uteuzi wake ulikwama na bajeti zake zilipigwa vita. Mwaka 1986 mahakama iliamuru uchaguzi maalumu katika kata saba, baraza likagawanyika 25 kwa 25, na kura ya meya ikawa ndiyo ya kuamua. Kuanzia hapo akaanza kupitisha mambo. Meya yule yule, ofisi ile ile, ila hesabu ya kura barazani imebadilika. Basi mtu wako naye, kabla hujaandika alichofanya, tafuta chama chake kilikuwa na madiwani wangapi na upinzani wangapi. Aliyevusha mradi katika baraza lililogawanyika nusu kwa nusu alifanya kazi tofauti na aliyekuwa na madiwani wote upande wake.

Sasa soko, lami na madarasa. Kila kimoja kina mwenye fedha wake.

Lami ndiyo inayowadanganya wengi. Mpaka katikati ya mwaka 2017, barabara za mitaa zilikuwa chini ya halmashauri. Julai 2017 TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini, ilianza kazi na ikazichukua. Barabara kuu na za mikoa zilikuwa tayari chini ya wakala mwingine, TANROADS. Basi kama meya wako alikaa 2010 hadi 2015, ile lami ya mitaani inaweza kweli kuwa ilipita mezani pake. Kama alikaa baada ya 2017, barabara nyingi zilijengwa na TARURA, na sehemu yake ilikuwa kushauri vipaumbele na, pale halmashauri ilipochangia mapato ya ndani, kupitisha mchango huo. Halafu kuna miradi ya mkopo wa Benki ya Dunia. Mradi wa TSCP uligusa Arusha, Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga, Kigoma Ujiji na Mtwara Mikindani, na ule wa DMDP ukagusa Dar es Salaam. Fedha hizo zilikopwa na Serikali Kuu. Ukiandika «alijenga kilomita kadhaa za lami» wakati kibao cha mradi pale barabarani kinataja mkopo, mwanafunzi mmoja mwenye macho atakuuliza, na atakuwa na haki.

Soko nalo ulichunguze hivyo hivyo: mapato ya ndani, mkopo, ruzuku, au ubia na mtu binafsi? Kama ni mapato ya ndani, mpe meya sifa kwa moyo mweupe, maana kutenga fedha za ndani kwa mradi mmoja mkubwa ni kuwakatalia madiwani wengine mambo yao madogo.

Kwa madarasa, angalia mwaka. Desturi yetu ni wananchi kupandisha boma kwa nguvu zao mpaka kwenye lenta, kisha halmashauri inapaua na kumalizia. Kwa hiyo «alijenga» linawafuta akina mama waliosomba mchanga na maji. Na kama ni madarasa ya mwishoni mwa 2021, karibu hakika yametokana na ule mkopo wa UVIKO-19, uliojenga madarasa 15,000 nchi nzima. Yalijengwa kila halmashauri, iwe meya wake alikuwa hodari au goigoi.

Ushahidi wa haya yote uko kwenye mihtasari ya vikao. Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka na mikutano yake ni ya wazi kwa wananchi. Andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri ile, ukieleza wewe ni nani, unatafuta nini na miaka ipi. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Usiombe «taarifa zote za meya», utapigwa danadana. Omba kitu chenye umbo: mihtasari ya Baraza kuanzia robo fulani hadi robo fulani, na taarifa ya utekelezaji wa mradi wa soko.

Ukiupata muhtasari, usikimbilie hotuba ya ufunguzi ya Mstahiki Meya. Anza na mahudhurio. Si mara moja mtu anasifiwa kwa uamuzi uliopitishwa siku ambayo jina lake limo kwenye orodha ya waliotoa udhuru na naibu ndiye aliyeongoza kikao. Kisha nenda kwenye «Yatokanayo». Sehemu hiyo ina safu za jedwali: azimio lilikuwa nini, nani alitakiwa kulitekeleza, limefikia wapi. Shika azimio la soko ulifuate robo baada ya robo. Kwenye robo ya kwanza utasoma «Mkurugenzi aandae michoro». Robo ya pili «michoro imekamilika, fidia bado». Ukiona robo tano mfululizo zinasema «utekelezaji unaendelea», umeona mradi uliokwama. Ukiona baada ya hapo azimio jipya, kwamba fedha zihamishwe kutoka kifungu fulani ili fidia ilipwe, na robo inayofuata «fidia imelipwa», umemwona meya kazini. Sentensi moja iliyotoka hapo inashinda aya nzima ya «kiongozi shupavu na mpenda maendeleo».

Kwa hesabu, tumia ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu Serikali za Mitaa, zinazotoka kila mwaka. Tahadhari moja: usiandike «alipata hati safi miaka minne» kana kwamba ni medali ya uadilifu wake. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa. Haisemi hakuna aliyekula, na anayeziandaa ni Mkurugenzi na mweka hazina wake. Kinachofaa zaidi ni kuangalia makusanyo ya mapato ya ndani mwaka alioingia na mwaka aliotoka, na kama ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilitolewa kweli. Tangu 2018 asilimia hiyo imo kwenye sheria, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Halmashauri nyingi zilikuwa zikiipitisha kwenye bajeti na kuisahau kwenye malipo. Meya aliyeikalia kooni menejimenti mpaka ikatoka amewafaa watu wengi kuliko jengo.

Nije kwenye «meya wa kwanza», maana hapo ndipo vibao vingi vinapochafuka.

Neno «kwanza» halisimami peke yake. Wa kwanza wa nini? Chukua Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji mwaka 1924, sheikh na mshairi, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Ukiandika «meya wa kwanza wa Dar es Salaam» umekosea, kwani mji ule ulikuwa manispaa tangu 1949 na ulikuwa na mameya kabla yake. Ukiandika «Meya wa Jiji» mwaka 1960 umekosea tena, maana hadhi ya jiji ilikuja na uhuru, mwaka 1961. Mstari ulio sahihi ni huu: «Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Manispaa ya Dar es Salaam, 1960.» Haumpunguzii hata chembe. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, na Oktoba 1964 akafariki dunia mjini Bonn, Ujerumani. Jina lake utalikuta limeandikwa Abedi mahali pengine na Abeid kwingine, kama ulivyo uwanja wa mpira wa Arusha. Mtu wako naye huenda rejista ya shule inamwita hivi na karatasi ya kura ilimwita vile. Mwulize mwenyewe atumie lipi, kisha lisibadilike popote.

Mtego mwingine ni miaka ambayo umeya haukuwepo kabisa. Kuanzia mwaka 1972 Serikali ilizifuta serikali za mitaa katika mpango wa madaraka mikoani, na halmashauri za miji zikarudi 1978. Sheria tunazozitumia sasa ni za 1982. Ile ya mamlaka za miji ni Namba 8. Kwa hiyo mtu akikuambia fulani alikuwa meya 1974, alikuwa na cheo kingine. Dar es Salaam ina mapengo yake: halmashauri ya jiji ilivunjwa 1996 ikaongozwa na Tume hadi 2000, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Dodoma ilipewa hadhi ya jiji Aprili 2018, hivyo aliyekuwa meya huko 2016 alikuwa meya wa manispaa. Linganisha tarehe za mtu wako na tarehe ya jiji lake kabla hujagusa neno «kwanza». Wasomaji wa Kenya wajue pia kwamba kwao mameya waliisha na uchaguzi wa Machi 2013, kazi nyingi zikaenda kwa magavana wa kaunti. Kampala meya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, kwa hiyo mfano wa huko usiuhamishie huku.

Upande wa shule ni mwepesi zaidi, ila una jambo moja. Tofautisha «alisoma» na «alihitimu». Fungua rejista ya uandikishaji, tazama tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na safu ya sababu ya kutoka. Kama alihamia shule nyingine darasa la tano, andika hivyo. Harold Washington aliacha sekondari ya DuSable kabla ya kumaliza, na haikuzuia chuo cha umma cha jijini kwake kupewa jina lake baada ya kufariki kwake mwaka 1987. Kwa watoto, habari ya mtu aliyekatiza shule akairudia ina faida kubwa kuliko cheti cha kubuni. Alama zake za mitihani, adhabu zake na hali ya nyumbani kwao visiingie ukutani bila ridhaa yake ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika, na hata isingekuwepo, ni adabu tu.

Kuhusu kubadilisha jina la shule nzima, ushauri wangu ni mwepesi kusema na mgumu kumweleza mwanafamilia: msifanye. Maktaba inatosha, na ni heshima kamili. Jina la shule limefungamana na usajili wizarani na namba ya kituo cha mitihani NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Likibadilika, kila aliyehitimu zamani anabaki na cheti chenye jina la shule isiyoonekana tena kwenye orodha, na siku ya kuomba kazi au mkopo wa chuo atatakiwa kueleza. Hilo halimfai yeyote. Kwa maktaba, njia ni fupi: bodi ya shule ikae na kuandika azimio kwenye muhtasari, mkuu wa shule alipeleke kwa Mkurugenzi wa halmashauri yenu kupitia idara ya elimu, msubiri jibu la maandishi ndipo mchonge kibao. Shule ya msingi itafanya hivyo kupitia kamati yake ya shule kama nayo ina jengo au tuzo ya kumpa.

Na wakati ni muhimu. Kama anakusudia kugombea tena, ubunge au udiwani, sherehe iwe mbali na mwaka wa uchaguzi. Wageni wasije na sare za chama. Shule ikigeuzwa jukwaa, anayeulizwa kesho yake ni mkuu wa shule, si mgeni rasmi.

Kuna mambo mawili ambayo usiyaamue kwa kusoma jibu hili. Ukisikia kuna uchunguzi wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au kesi mahakamani inayogusa kipindi chake, simamisha kila kitu, uende na mkuu wa shule kwa mwanasheria wa halmashauri yenu mkazungumze ana kwa ana. Na kama aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, usifiche wala usieleze kwa kirefu. Tarehe halisi za kuanza na kuishia zinatosha ukutani, mengine yakae kwenye jalada la maktaba. Kwa meya wa zamani sana, ambaye halmashauri haina tena mihtasari yake, itabidi mtu afunge safari mpaka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nyaraka za umma hufunguliwa baada ya miaka 30, na maofisa wa pale hukusaidia vizuri ukifika na majina na miaka kamili.

Kibao chenyewe kiwe na maneno 60 hadi 80. Kinaweza kwenda hivi, ukijaza yako: «Alisoma shule hii kuanzia … hadi …. Alikuwa diwani wa kata ya … kuanzia …, na Meya wa Manispaa ya … kuanzia … hadi …. Aliliongoza Baraza la Madiwani lililopitisha ujenzi wa Soko la …, kwa mapato ya ndani ya halmashauri, lililofunguliwa mwaka ….» Angalia vitenzi: aliongoza, alisimamia, alitetea, alishawishi. «Alijenga» kiache kwa fundi.

Herufi zisipungue urefu wa milimita 12, ili mtoto aliyesimama mita mbili asome bila kusogea. Mchonge kwenye jiwe au chuma. Stika hupauka kwa jua kabla ya darasa moja kumaliza kidato cha nne. Kabla ya kuchonga, chapeni maneno yote kwenye karatasi ya ukubwa ule ule, muibandike ukutani wiki moja, na mumwombe mwenyewe, ofisa mmoja wa halmashauri ile na mwalimu wa Kiswahili wasaini chini yake. Fundi akishapiga patasi, kurekebisha tarakimu moja ya mwaka ni kununua jiwe jipya.